Mita Kumi za Ndege

Mzee aliyenifundisha kupiga picha za ndege alikuwa na studio mjini Embu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa bahari na minazi ambayo wateja wake wengi hawakuwahi kuiona kwa macho. Mchana alipiga picha za vitambulisho, za maharusi, za watoto waliovalishwa sweta mpya kwa ajili ya picha hiyo tu. Alfajiri alikuwa mtu mwingine. Alivuka mto Rupingazi kabla watu hawajaanza kwenda sokoni, akashika njia ya mabonde ya Kianyaga, na begani alibeba mkoba wa turubai wenye kamera, lenzi moja, telekonvata moja na mfuko wa kitambaa uliojaa ndengu.

Lenzi ilikuwa Nikkor ya milimita 300, f/4.5, ya kuzungusha kwa mkono. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka kwenye pete yake, chuma kikang'aa pale kidole gumba kilipozoea kukaa. Telekonvata ilikuwa ya mara mbili. Ukiipachika kati ya lenzi na kamera, 300 inakuwa 600, na f/4.5 inakuwa f/9. Wenye kamera wanaijua hesabu hii bila kuambiwa, na wengi wameifanya sababu ya kukidharau kifaa chenyewe: kinakula nuru, kinalainisha picha, kinachelewesha fokasi. Yote ni kweli. Nuru inayoingia ni ileile, ila sasa imetandazwa juu ya eneo lililo kubwa mara nne, kama uji wa watu wawili uliogawiwa wanane. Na kila ila iliyojificha ndani ya vioo vya lenzi inatoka hadharani ikiwa imekuzwa mara mbili.

Mzee aliyajua hayo kuliko wanaoyasema. Alikubali kuyalipia, na kitu alichokuwa akikinunua ndicho kinachonifanya niandike leo.

Ndege tuliyemfuata mabondeni anaitwa kwa jina la Hinde. Anapatikana Kenya peke yake, kwenye mabonde na nyika za upande huu wa Mlima Kenya hadi pande za Machakos. Wataalamu walimpa jina hilo mwaka 1900, na sasa yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Mwili wake hauzidi sana sentimita 22. Jicho ni jekundu. Manyoya ni ya kahawia yaliyochanganyika na meupe bila mpangilio wowote, kila mmoja na madoa yake, na kwa madoa hayo mzee aliwatambua mmoja mmoja: huyu ana shavu jeupe, yule ana unyoya mmoja mweupe bawani. Wanaishi kijamaa, katika makundi madogo madogo, wakisaidiana kulea makinda, na unawasikia kabla hujawaona, maana wakianza kelele wanaanza wote. Wakishtuka wanatumbukia kichakani, na kelele inakatika.

Sasa mchukue ndege huyo akiwa mita 20 mbele yako. Kwa lenzi ya 300 peke yake, mwili wake unachukua kama milimita 3 kwenye filamu yenye upana wa 36. Jicho huoni. Madoa huyahesabu. Ukiongeza telekonvata unapata zaidi ya milimita 6, na hapo shavu jeupe linajulikana. Ukiutaka ukubwa huohuo bila telekonvata, huna budi kusogea hadi mita 10. Hizo mita kumi ndizo mzee alizozilipia kwa robo tatu ya nuru yake yote. Alimnunulia ndege.

"Mzee, si tusogee kidogo?" nilimnong'oneza asubuhi moja, ndege wamesimama wazi juu ya nguzo ya ua na mimi nimeshindwa kuvumilia.

"Wewe kaa. Hapo mbele ni kwao. Wakitaka kuja huku, watakuja wenyewe."

Hakulisema kama somo. Alilisema jinsi mtu wa Embu anavyomkumbusha mgeni kwamba nyumba haiingiwi bila kupiga hodi.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono, na hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Filamu tuliyotumia ilikuwa ya ISO 100. Kwenye jua kali, f/9 inakupa shata ya kama sehemu ya 300 ya sekunde. Kwenye kivuli cha kichaka unashuka hadi sehemu ya 40. Lenzi ya milimita 600 inataka, kwa kanuni ya zamani, isipungue sehemu ya 600. Wala hapakuwa na mtambo ndani ya lenzi wa kutuliza mtikisiko. Pengo lote hilo, kutoka 600 hadi 40, lilizibwa na mwili wa mtu.

Alianza na mfuko wa ndengu. Aliuweka juu ya jiwe au gogo, akaukanda kwa ngumi mpaka ukafanya kitanda, kisha akailaza lenzi na kuikandamiza. Maharagwe, alisema, ni makubwa mno, yanaacha mianya. Mchanga ni mzito kuubeba mlimani. Ndengu za Mbeere ni ndogo, za mviringo, zinatiririka mpaka zinaijaza kila nafasi chini ya lenzi, halafu zinatulia na hazisogei tena. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya lenzi, si chini yake, karibu na pale telekonvata inapoungana na kamera, kwa sababu kila kiungo ni mahali pa kutikisika na sasa viungo vimekuwa viwili. Uso aliusukumia kwenye kamera mpaka nyusi zikakunjamana. Kisha pumzi. Hakuzuia pumzi, kama wengi wanavyofanya. Aliitoa polepole, na mwishoni mwa kuitoa, pale kifua kinapotulia kabla hakijadai hewa nyingine, kidole kilibonyeza.

Na fokasi. Waliotumia kamera za zamani wanakumbuka duara dogo katikati ya dirisha la kutazamia, lililogawanyika nusu mbili, ambazo ukizipatanisha picha inakuwa imekaa sawa. Duara hilo linataka nuru. Ukifika f/9 nusu yake inakuwa nyeusi tititi, haina msaada tena. Mzee hakuliangalia kabisa. Alitazama pembeni mwa duara, kwenye kioo chenye ukungu, akatafuta kitu kimoja tu: kijinukta cha jua ndani ya jicho la ndege. Alizungusha pete ikapita, akarudi ikapita upande wa pili kidogo, akarudi tena kidogo zaidi, mpaka kijinukta kikawa kidogo kuliko vyote na kikali kuliko vyote. Kidole gumba kilifanya safari hizo kwa muda ambao mtu mwingine angetumia kufikiri. Nilimtazama mara nyingi nikiwa nimeisahau kamera yangu mkononi.

Baadaye niligundua alikuwa na matumizi mengine ya telekonvata ambayo wachache wanayakumbuka. Kifaa hiki kinakuza picha bila kuongeza umbali ambao lenzi inahitaji ili ione sawasawa, kwa hiyo kilicho karibu kinakuja kikubwa ajabu. Nyuma ya studio kulikuwa na migomba, na chozi walikuja kunyonya maua yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mlango wa nyuma wazi, na kuwapiga kati ya mteja mmoja na mwingine. Picha moja ya chozi ilitundikwa ukutani karibu na bei za pasipoti. Watu waliisifu wakidhani ni ya kalenda kutoka ng'ambo.

Roli moja ilikuwa picha 36, na mara nyingi ilikaa ndani ya kamera muda mrefu kabla ya kuisha. Ikiisha ilifungwa kwenye bahasha na kupelekwa Nairobi kwa matatu kusafishwa. Katika kungoja huko mtu alizirudia picha akilini, moja moja, akikumbuka kila mara alipobonyeza na kwa nini. Leo picha inaonekana papo hapo, na sijui ni wangapi wanaoikumbuka jioni.

Asili ya kifaa chenyewe iko kwenye darubini za kutazamia nyota. Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza, aliandika miaka ya 1830 juu ya kioo cha kutanua kinachowekwa kabla nuru haijakutana, ili kuongeza ukuzaji bila kurefusha darubini yenyewe. Vioo vya aina hiyo bado vinaitwa kwa jina lake. Wapiga picha walikuja kulirithi wazo hilo baadaye, likaingia kwenye mikoba yao, na mwishowe likafika Embu begani mwa mtu wa studio.

Lakini ufundi wa kumtazama ndege kwa mbali, na kwa muda mrefu, ulikuwapo Embu kabla ya hapo, nao unastahili kujulikana na watu wa Embu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwako hapa afisa wa kilimo aliyeitwa Leslie Brown. Wilaya ya Embu ya wakati huo ilikuwa pana, na ndani yake Brown alifuatilia viota vya tai wakubwa mwaka baada ya mwaka: nani ametaga, nani ameacha, kinda gani limeruka. Kilima kimoja chenye aina kadhaa za tai alikiita Eagle Hill. Aliyoyaona aliyachapisha katika jarida la Ibis mwaka 1952 na 1953, na mwaka 1968 yeye na Dean Amadon wakatoa kitabu kikubwa juu ya tai na mwewe wa dunia nzima. Wasomi wa tai walilijua jina la Embu kwa sababu mtu mmoja alikubali kukaa na kutazama. Mtoto anayesoma leo chini ya vilima hivyohivyo haambiwi hata neno moja la habari hiyo, na hilo linanisikitisha.

Ufundi ni pia kujua wakati wa kukiondoa chombo. Hifadhi ya Mwea, iliyotangazwa mwaka 1976, iko pale mito ya Thiba na Tana inapokutana, nyuma ya bwawa la Kamburu, eneo la kama kilomita za mraba 42 ambamo tembo na viboko wanaishi na ndege wa majini wanagombania nafasi. Furukombe anasimama juu ya mti mkavu ng'ambo ya maji. Mgeni akimwona, mkono wake unakimbilia telekonvata. Mzee wangu alifanya kinyume. Ikifika saa tatu na nusu, saa nne, aliichomoa, akaifunika mbele na nyuma, akairudisha mkobani.

"Hewa imeanza kuchemka," alisema.

Huku kwetu karibu na ikweta jua halipandi kwa kusitasita. Linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, na baada ya muda mfupi nuru laini imekwisha, ardhi imepata moto, na juu ya maji na nyika kunacheza mazigazi. Telekonvata inayakuza mazigazi sawasawa na inavyomkuza ndege. Furukombe wa mita mia tatu saa sita mchana ni nguo inayopepea, hata ukimtazama kwa kioo cha bei ya shamba. Kwa hiyo mzee alikaa chini ya mgunga, akafungua chupa ya chai, akamtazama ndege kwa macho matupu. Saa hizo ndizo nilizojifunzia mengi: kwamba mbizi hukausha mabawa akiwa amelipa jua mgongo, kwamba furukombe akiinamisha kichwa mara mbili karibu ataruka. Mtu mwenye jicho kwenye dirisha la kamera siku nzima hayaoni mambo haya.

Sina ugomvi na kamera mpya. Mtu akiniuliza, nitamwambia kwamba telekonvata haijawahi kuwa na maisha mazuri kama haya. Kamera zisizo na kioo cha kurukaruka zinapata fokasi kwenye f/9 na f/11 bila shida, kwenye giza ambalo mzee wangu angefunga mkoba. ISO 6400 inatoa picha safi kuliko filamu ya 400 ya wakati ule. Lenzi ya 500 ya f/4 inakuwa 700 ya f/5.6 kwa telekonvata ya 1.4, na kwa ile ya mara mbili inakuwa 1000 ya f/8. Kwa 1000 hiyo, ndege aliyepigwa na mzee akiwa mita 20 anaweza kupigwa akiwa mita 33, kwa ukubwa uleule. Hakuna kizazi cha wapiga picha kilichopewa uwezo wa kukaa mbali kama hiki.

Na hakuna kilichosogea karibu kama hiki. Nimeona vijana wenye lenzi za mamilioni wakishuka bondeni kwa kishindo, simu mkononi, wakipiga sauti ya ndege iliyorekodiwa. Kundi linatoka kichakani kwa ghadhabu kupigana na jirani asiyekuwapo. Wanapiga picha mia kwa pumzi moja, sauti inarudiwa, ndege wanarudi, wameacha makinda, wameacha kula, na asubuhi ile ile gari lingine linafika na simu nyingine. Nimeona matawi ya lantana yaliyokatwa mbele ya kiota ili picha iwe safi. Kiota kilichobaki wazi kinaachiwa jua na kunguru. Anayefanya hivyo hurudi Nairobi na picha kali, yenye kila unyoya, na watu wanampongeza.

Wengine hawasogei ila hawana haraka ya kujifunza pia. "Nitaikata kwenye kompyuta," wanasema. Kamera ya megapikseli 45, ukiikata picha nusu kwa upana na nusu kwa urefu, inakuachia kama 11, na hizo zinatosha kwa mengi. Sisemi kukata picha ni dhambi. Nasema yule aliyeamua tangu mwanzo kwamba atakata, hatazami. Hapangi ndege asimame wapi ndani ya fremu, haoni kijiti kinachopita mbele ya shingo, hangoji shingo igeuke. Telekonvata inamlazimisha mtu kuwa na jambo moja mbele yake, kwa sababu dirisha limekuwa jembamba na kila kosa limekuwa kubwa. Mzee alipenda ugumu huo. Picha zake hazikuwa kali kama za leo. Ukiziweka kando ya za leo utaona ulaini kwenye ncha za manyoya. Lakini ndege ndani yake wamekaa kwa utulivu ambao siku hizi nauona kwa nadra. Wanaota jua, wanachanana manyoya, kinda limefumba macho. Ndege anayejua kwamba mtu yupo hafumbi macho.

Studio sasa ni duka la simu, pazia la bahari sijui lilikwenda wapi. Mzee hayupo tena, na sijamwona kijana mjini Embu aliyechukua nafasi yake, mtu wa hapa anayewajua ndege wa hapa kwa nyuso. Wanaokuja na lenzi ndefu wanatoka mbali, wanataka ndege wa Hinde kwa sababu yumo kwenye orodha, wanamweka alama na kuondoka kabla ya chakula cha mchana.

Na ndege mwenyewe anaishiwa na mahali. Vichaka vyake vya asili vilifyekwa zamani, ikabidi ahamie kwenye lantana, mmea uliotoka Amerika, ambao mkulima hana sababu ya kuupenda maana unawadhuru ng'ombe. Mkulima akiufyeka simlaumu. Ana watoto wa kusomesha. Ila lantana ikiondoka ndege hana kimbilio lingine, na kila mwaka nikienda mabondeni naukuta ukanda wa kichaka umepungua, nduma zimeshuka hadi kwenye maji, mboga zimepanda hadi barabarani. Kuna mahali ambapo nikitaka kurudi nyuma mita 33 kwa heshima ya ndege, nitakuwa nimesimama katikati ya kahawa ya mtu, na ndege yuko kwenye kichaka chembamba kiasi kwamba upande wa pili naona shati la anayepalilia.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ukingoni mwa mto, kwa upana usiopungua mita 6 kila upande na unaoweza kufika 30. Mita hizo ziliandikwa, na kichaka kikiachwa ndani yake kundi la ndege wa Hinde linaweza kupata kimbilio. Ningependa kumwona afisa wa kaunti akishuka mabondeni na kamba ya kupimia, amkalishe mkulima chini wazungumze, waweke alama pamoja, na mahali pa lantana waanze kurudisha vichaka vya asili. Ningependa wenye lenzi ndefu, wanaolipa kwa siku moja ya safari pesa ambazo mkulima huyo hazipati kwa mwezi, wachangie gharama ya kufanya hivyo, kisha wakae nyuma ya alama hizo na telekonvata zao.